Bakuli Lisilo na Pilipili

Haya yalimpata Peishan, jirani yangu wa mlango wa pili. Alinisimulia mara moja tu, akiwa anakunja nguo, wala hakuniangalia usoni.

Siku ile aliteremka kwenye basi saa sita mchana katika mji mdogo wa Yanmen, kule milimani Sichuan, amemshika mkono binti yake Ruolan, mwenye miaka sita. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mapaa kama kawaida yake. Mumewe, Jicheng, alikuwa ametangulia kijijini kwao kuandaa shughuli ya siku mia moja tangu mama yake afariki. Alikuwa amempigia Peishan simu asubuhi.

"Nisubirini kwa Mama Deng, pale karibu na stendi. Agiza kabisa. Kuku wa pilipili kavu, tofu ya pilipili inayotia ganzi, na samaki wa mafuta mekundu. Nikifika nikute mezani."

"Na mimi nile nini?" Peishan aliuliza. Yeye ni wa pwani kama mimi. Kwetu samaki hutiwa tangawizi, basi.

"Utakula wali," Jicheng alisema, akacheka.

Mlangoni kwa Mama Deng kulining'inia mikufu ya pilipili nyekundu, mirefu kiasi kwamba ilibidi uiname ili uingie. Mama Deng mwenyewe alitoka jikoni na kisu mkononi.

"Karibu, dada. Leo tuwachome kiasi gani?"

"Kama mnavyowachoma wengine. Mume wangu ni wa huku."

"Na wewe?"

"Mimi wa pwani."

"Ahaa. Wale wa supu nyeupe."

Madereva wawili waliokuwa meza ya pili walicheka. "Mwenzako mwaka jana alionja kipande kimoja," mmoja alisema, "akamwita mama yake mpaka basi lake likamwacha."

Peishan alihisi uso unamwaka. Akaagiza vyote alivyotumwa. Kisha akasema, "Na mayai ya mvuke kwa ajili ya mtoto. Bila pilipili. Hata punje."

Kicheko kikakatika. Dereva mmoja aliweka vijiti vyake vya kulia chini.

Mama Deng alivuta kigoda, akakaa, akashusha sauti. "Mwanangu, hapa kwetu chakula kisicho na pilipili hatumpikii mtu aliye hai. Ni cha marehemu. Wao pilipili hawaiwezi, ndiyo maana hawagusi mabakuli yetu. Nitatia punje moja tu. Mtoto hataisikia."

"Hata hiyo moja sitaki."

Alikuwa na sababu yake. Ruolan alilelewa na bibi yake huko milimani tangu akiwa na miezi minane, kwa kuwa Peishan na Jicheng walikuwa kiwandani pwani, na bweni la kiwanda halikupokea watoto. Peishan alipokwenda kumchukua, mtoto alijificha nyuma ya bibi yake akamwita "shangazi". Bibi alipiga magoti kwenye tope, akaomba aachiwe mjukuu mpaka mavuno tu. Peishan hakumwachia hata siku moja. Ilimchukua miezi kumi na moja kusikia neno "mama". Muda huohuo alikuwa akiitoa lafudhi ya milimani mdomoni mwa mtoto, pamoja na pilipili ambayo bibi alikuwa amemzoesha. Bibi alipokufa, Peishan alikataa mtoto apelekwe mazishini. Sasa Ruolan alikuwa wake. Punje moja ingemrudisha kule.

"Mmefiwa?" Mama Deng aliuliza.

"Mama mkwe. Kesho zinatimia siku mia."

Mama Deng alitazama mlangoni, kisha akamtazama mtoto. "Basi leo roho yake bado iko njiani. Usiniombe kitu hicho leo."

"Mimi ni mteja, mama. Nimeomba mayai."

Mama Deng akainuka, akarudi jikoni.

Mayai yalikuja yameganda bakulini, ya manjano, juu laini kama kioo, mvuke unapanda. Pamoja nayo Mama Deng alileta bakuli tupu na vijiti, akaviweka mbele ya nafasi iliyokuwa wazi kwenye benchi, kando ya Ruolan.

"Hivyo vya nini?"

"Ili apate chake. Asile cha mtoto."

Peishan alilichukua bakuli lile, akaligeuza kifudifudi, akalisukuma mpaka ukingoni mwa meza. "Tuko wawili tu," alisema.

Ruolan akaanza kula. Alichota upande wake mara mbili, tatu. Kisha akasogea kwenye benchi mpaka bega lake likagusa ukuta.

"Mbona unasogea?"

"Nampisha."

Peishan aliangalia mayai. Upande wa mtoto kulikuwa na shimo la kijiko. Upande wa pili pia. Lilikuwa jipya, bado linatetemeka.

Kijiko kilikuwa mkononi mwa Ruolan. Hakikuwa kimefika kule.

Shimo jingine likafunguka. Polepole. Hakuna aliyechota.

Ruolan aligeukia ile nafasi tupu. Akafungua mdomo, akangoja. Akafumba. Akatafuna. Akameza.

"Ruolan."

Hakugeuka.

"Ruolan, mwanangu."

Hakugeuka. Madereva walikuwa wameshaondoka, chakula chao kimebaki.

"Mwite jina la huko," Mama Deng alinong'ona nyuma yake.

Jina hilo, alilokuwa akiitwa na bibi, Peishan alikuwa amelipiga marufuku nyumbani. "Yaomei," alisema.

Mtoto aligeuka papo hapo.

Mama Deng akasukuma sahani ya kuku mbele yao, pilipili nyingi kuliko nyama. "Mpe. Sasa hivi. Akilia, bado ni wako."

Peishan alimlisha kwa mkono wake. Pilipili moja. Mtoto alitafuna. Ya pili. Ya tatu. Hakukunja uso. Ya tano. Midomo ilivimba, ikawa myekundu, lakini macho yalibaki makavu.

"Lia," Peishan alinong'ona. Vidole vyake vilikuwa vinawaka. Machozi yalimtiririka yeye. "Lia, mwanangu, nakuomba."

Ruolan alimeza. Akainua mkono, akampangusa shavu kwa mgongo wa kidole, taratibu, kama wafanyavyo wazee.

"Usilie, shangazi," alisema, kwa lafudhi ya milimani.

Jicheng alipoingia, kofia ya pikipiki mkononi, alikuta meza imejaa na kila kitu kimepoa. Alisikiliza yote. Kisha akasema, "Mtoto ana hamu na bibi yake. Ungemleta mazishini." Akakaa, akala kuku wake.

Sasa ni mwaka wa pili. Ruolan anasoma, ana adabu, anatusalimia sote ngazini. Peishan bado anaitwa shangazi. Nami nisingeyaandika haya kama nisingempa mtoto yule uji mzito siku moja mama yake alipochelewa kazini. Alikula akaacha, akashukuru. Nilipochukua bakuli kwenda kuliosha, upande mmoja wa uji ulikuwa bado wa moto. Upande wa pili ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, nao umechotwa vilevile. Nilikuwa nimempa kijiko kimoja.

Sikumuuliza Peishan kitu. Nyumbani kwao wako watatu, na kila mlo Peishan anaweka bakuli la nne, pamoja na vijiti, kando ya mtoto. Nimemwona akiliosha. Huwa safi kama lilivyowekwa. Halijawahi kuguswa.