Fundi Aliyekanwa Migori

Siku ya soko mjini Migori, ukumbi wa sacco ulikuwa umejaa hadi mlangoni. Mtandao ulikuwa umekatika, na Joash, karani wa wateja, alikuwa akiwatuliza watu kwa maneno ambayo hata yeye hakuyaamini. Ndipo akaingia msichana mwenye ovaroli ya buluu, nywele amezifunga kwa kitambaa cha manjano, ngazi begani. Akamwomba Joash amshikie ngazi hiyo.

"Ukiniachilia nianguke, utanilea wewe," alimwambia.

"Basi naiachilia sasa hivi," Joash akajibu, na foleni nzima ikacheka.

Jina lake lilikuwa Bonareri, fundi wa mtandao kutoka Homa Bay. Mitambo ya sacco ilikuwa imechakaa, kwa hiyo alirudi Migori mara kwa mara kufunga mipya, naye Joash hakukosa sababu ya kumpelekea chai. Alimkuta akipanga swichi za mtandao moja juu ya nyingine katika kabati la chuma, akiziunganisha kwa nyaya fupi nene: ya kwanza kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, kisha ya mwisho akairudisha kwa ya kwanza. Bonareri alimweleza kwamba zikifungwa hivyo hufanya kazi kama swichi moja, na waya mmoja ukikatika, mawasiliano huzungukia upande wa pili. Joash hakusikia yote. Alikuwa akitazama vumbi kwenye kope zake. Jioni walipigiana simu. Joash alimwita jaber, yaani mrembo. Bonareri alimwita Jakendu, mtu wa Kendu, kwa kuwa kwao Joash ni Kendu Bay.

Huko Kendu Bay, wanawake wa kanisani walikuwa wakisifia wakaza wana wao, walimu na wauguzi. Basi Helen, mamake Joash, alipomuuliza kuhusu mpenzi wake, Joash alimwambia kwamba msichana huyo ana kazi ya ofisini.

Siku moja Helen alifika ukumbini bila kutarajiwa, pamoja na wawili wa wanawake hao, vitenge vyao vimepigwa pasi vikanyooka. Wakati huohuo Bonareri akatoka chumba cha mitambo, magoti yamejaa vumbi, utando wa buibui kwenye kitambaa. Alimwamkia Helen kwa mikono miwili, kisha akamtazama Joash, akingoja.

"Huyu ni nani?" Helen aliuliza.

"Ni fundi tu, mama. Amekuja kwa mambo ya nyaya."

Bonareri aliitikia kwa kichwa, akarudi ndani. Kazi aliimaliza yote. Ufunguo wa kabati alimwachia mlinzi, akaondoka bila kuaga.

Simu za Joash hazikushikwa tena. Kila alipopita karibu na kile chumba na kusikia mitambo ikivuma, uso ulimwaka. Kilichomuumiza zaidi ni jinsi maneno yale yalivyomtoka kwa urahisi.

Hatimaye alienda Homa Bay. Alimkuta katika chuo kimoja, amepiga magoti nyuma ya kabati, wenzake wawili wakimpitishia nyaya. Akaomba msamaha mbele yao. Bonareri hakugeuka.

"Aibu yako unaniletea mimi," alisema, "na uliyemdanganya yuko Kendu Bay."

Joash akatoa simu, akampigia mamake, sauti ameifungulia wote wasikie. Alikiri kwamba yule fundi ndiye mpenzi wake, na kwamba alimkana kwa kuogopa midomo ya watu.

"Nyathina, mwanangu," Helen alisema, "mtoto wa watu alinisalimia kwa heshima, nawe ukasimama tu hapo? Mpe simu."

Bonareri alijifuta mikono kwenye ovaroli, akaichukua, akatoka nayo nje. Alikawia. Joash alibaki katikati ya wale mafundi wawili, ambao walijifanya wanapima nyaya ili wasimtazame.

Aliporudi, macho yalikuwa mekundu. Alisema Helen amemwalika nyumbani baada ya Sabato, naye amekubali.

"Mama yako nimempenda," alisema. "Wewe bado sijui."

"Nilitaka kukuoa, Bonareri."

"Niulize siku nyingine. Na tukifika Kendu Bay, usinitambulishe. Nitajitaja mwenyewe."

Joash aliinamisha kichwa. Akamngojea kwenye ngazi za nje mpaka kazi ikaisha. Bonareri alimruhusu ambebee mfuko wa vifaa hadi stendi. Mkono hakumpa.