Punje Ishirini na Mbili

Kila asubuhi, kabla kengele ya pili haijalia, Plamedie alizunguka madarasa sita ya shule yao ya msingi katika mtaa wa Bigo, daftari mkononi. Kila kiongozi wa darasa alimtajia idadi ya wanafunzi waliofika. Kisha alikimbia ofisini, akaziingiza namba hizo kwenye kompyuta, na kompyuta ikatoa jumla. Jumla hiyo ilipelekwa jikoni kwa Mama Régine, mpishi wa uji, aliyepima gobele moja ya unga, kikombe chake cha kupimia, kwa kila watoto kumi.

Programu hiyo Plamedie aliiandika mwenyewe. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, na katika klabu ya kompyuta ya mwalimu wao, Maître Baudouin, hakuna aliyemfikia. Shule nzima ilijua hivyo, naye alihakikisha haisahau.

Kumbe programu ilikuwa na siri. Siku ya kwanza alipoijaribu, ilitoa jibu 31. Hao walikuwa wanafunzi wa darasa la sita peke yao, darasa la mwisho kuingizwa. Wengine wote walipotelea ndani ya mashine. Alihangaika siku mbili bila kuliona kosa. Angemwuliza Maître, lakini aliona haya. Bingwa gani anaomba msaada? Basi alijumlisha kwa kalamu, akapata 214, akaiamuru kompyuta iandike 214 kila siku, iingiziwe namba zozote zile. Kwa wiki mbili uji ulitosha, maana idadi ya watoto haikubadilika sana.

Jumatatu moja walifika wanafunzi wapya ishirini na watatu. Familia zao zilitoka upande wa Mongbwalu na kupanga nyumba mtaa wa Rwambuzi. Plamedie aliingiza namba zote. Kompyuta ikasema 214, naye akaipeleka karatasi jikoni kama kawaida.

Wakati wa mapumziko sufuria ilikauka huku watoto kumi na saba, wote wageni, wakiwa bado kwenye mstari. Msichana mdogo aitwaye Kanyere alikiinua kikombe chake na kuchungulia ndani, halafu akaenda kuketi kando ya ukuta.

Madame Godelive, mkurugenzi wa shule, alikuja jikoni uso umekunjamana.

"Mama Régine, unga ilienda wapi?"

"Nilipima yote, Madame."

"Machine ilihesabu kila mutoto, na wageni pia. Na machine haina nyumba ya kupelekea unga. Uniachie ufunguo wa depo ya unga mpaka Ijumaa, tuangalie."

Mama Régine alikuwa amepika uji pale miaka tisa. Alifungua fundo la kitenge chake, akautoa ufunguo wenye uzi mwekundu, akauweka mkononi mwa Madame.

Plamedie aliona yote. Masomo yalipokwisha alikwenda jikoni kurudisha vikombe, akamkuta Mama Régine ameketi kando ya sufuria, bakuli mapajani.

"Kuya uone, mutoto yangu," alisema Mama Régine. "Hii bakuli naiwekaka hapa tupu mbele ya kuanza kupima. Kila gobele, naweka punje moja ya mahindi. Leo ziko makumi mbili na mbili. Sikubeba unga hata kidogo."

Plamedie alizihesabu. Zilikuwa ishirini na mbili kweli. Kisha wazo likamjia.

"Mama, na kama unamwaga bakuli mbele ya kila gobele?"

"Juu ya nini nimwage? Nitabakia na punje moja tu, ya gobele ya mwisho. Bakuli inakuwaka tupu mara moja, pa mwanzo."

Gobele ya mwisho. Darasa la mwisho. Plamedie aliona kosa lake waziwazi. Mstari wa "jumla = 0" alikuwa ameuweka ndani ya mzunguko unaorudiwa kwa kila darasa, ule ambao Maître aliuita boucle. Kila darasa lilipoingia, kompyuta ilimwaga bakuli kwanza, ndipo ihesabu.

Sasa angeweza kuuhamisha mstari huo mmoja, na kesho kila kitu kingekuwa sawa. Hakuna ambaye angejua. Aliingia ofisini na wazo hilo kichwani. Lakini ufunguo wenye uzi mwekundu ulikuwa juu ya meza ya Madame, na machozi yakamtoka kabla hajafungua mdomo. Madame Godelive na Maître Baudouin waliacha kazi zao.

"Madame, Mama Régine hakubeba unga. Ile 214 niliiandika mimi. Programu ilinishinda, na niliona haya kusema."

Maître akavuta kiti. "Ikala. Onyesha."

Plamedie aliifuta 214, akaupandisha mstari wa "jumla = 0" juu ya mzunguko, akaingiza madarasa sita. Kompyuta ikatoa 237.

Madame Godelive alichukua ufunguo, akaupeleka jikoni mwenyewe, akamkabidhi Mama Régine kwa mikono miwili mbele ya wanafunzi waliokuwa wakifagia.

"Nilikukosea, Mama. Niliamini machine kuliko weye."

Mama Régine aliufunga tena ufunguo kwenye fundo la kitenge chake. "Kesho wale kumi na saba wakunywe wa kwanza," alisema.

Maître Baudouin alibaki na Plamedie. "Kuweka mstari pahali pabaya si haya," alimwambia. "Hata mimi nakosea kila siku. Mubaya ni ile 214, sababu ilifunika kosa. Ungeniuliza, tungeitengeneza mu dakika tano. Siku ingine ukikosea, sema mapema, mbele ya mutu mwingine kuanza kulipia kosa yako."

Asubuhi iliyofuata Plamedie alileta karatasi yenye 239. Mama Régine aliisoma, akaweka bakuli tupu kwenye benchi, akamsogezea mahindi.

"Leo weye ndiye utaweka punje," alisema.

Zilitimia ishirini na nne, na Kanyere akanywa wa kwanza.