Mzee Aliyekataa Kuingia Chumba Namba Tatu

— Ingia tu, mzee. Weka hapo mezani.

Mzee hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti na sinia la chai mikononi, uso kaugeuzia ukuta wa korido. Minza akarudia kumkaribisha. Mzee akachutama, akaliweka sinia sakafuni, akalisukuma kwa vidole mpaka likavuka kizingiti, kisha akaondoka pekupeku bila kumtupia hata jicho.

Minza akabaki anaitazama chai iliyoachwa chini kama chakula cha paka. Alikuwa muuguzi wa miaka mingi pale Mwanza, mtu wa usaha na matapishi, hakuwa mwepesi wa kinyaa. Lakini tangu aingie hoteli hii roho ilikuwa imemchafuka, na wala hajalala bado.

Hoteli yenyewe iliitwa Enzi. Ilikuwa katika mtaa wa zamani wa Wahindi hapo Bariadi, siku hizo Bariadi ikiwa bado mkoa wa Shinyanga. Nyumba ya ghorofa moja, ya mfanyabiashara wa pamba aliyehama zamani akaacha popo na madirisha ya mbao. Soko la pamba lilipofunguliwa na kila mwenye mzani akawa mnunuzi, Januarius, mwenye hoteli, alineemeka kuliko wenzake. Fedha zilipomzidi akili akainunua nyumba ile, akaifanya hoteli ya kizamani, ya kuwafurahisha wazungu wanaopita kwenda Serengeti. Na katika uzamani wote uliopo duniani, yeye akachagua ule wa mkoloni.

Basi ungeingia ukakuta kichwa cha nyati ukutani, sikio moja limeliwa na wadudu. Gramafoni isiyo na santuri. Picha ya mzungu mwenye masharubu ambaye hakuna aliyejua ni nani, hata Januarius mwenyewe, aliinunua mnadani. Chumbani kulikuwa na bafu la chuma lenye miguu ya simba katikati ya sakafu, na kando ya kitanda chombo cha kukojolea cha kauri kilichochorwa maua ya waridi, eti pambo. Harufu ya naftalini na ukungu ilikuwa imeshika mpaka kwenye mito. Wafanyakazi walivalishwa kanzu nyeupe, mshipi mwekundu na tarbushi, na hawakuruhusiwa viatu. Wazee wa watu, pekupeku juu ya saruji, ili mgeni apige picha.

— Si pazuri, mpenzi? Masele alikuwa amemwambia walipofika. — Baba mdogo katupa chumba kizuri kuliko vyote.

Masele ndiye mchumba. Afisa mauzo wa kampuni ya mbegu, mtanashati, mdomo wa asali. Walikuwa wametoka Mwanza Ijumaa hiyo, na Jumamosi mchana walitakiwa kuwa Nkololo nyumbani kwa kina Minza, upande wa mume ukazungumze ng'ombe wa mahari. Baba yake Masele, kwa maneno ya Masele, alikufa yeye akiwa shule ya msingi. Aliyemlea na kumsomesha ni baba yake mdogo, Januarius, na ndiye angesimama kesho kuongea kwa niaba ya ukoo. Kwa habari ya yule marehemu Minza alikuwa amelia na Masele. Kila mwezi wa kumi na moja alimwombea misa parokiani Mwanza, padri akalisoma jina mbele ya waumini: Luhaga, baba wa Masele.

Masele alipotoka bafu la nje, Minza akamweleza habari ya sinia. Masele akacheka sana, kicheko kirefu kuliko jambo lenyewe. Akasema yule ni mzee mshamba, pengine kalewa, asimtie maanani. Kisha akashuka chini haraka, na Minza akamsikia akinong'ona kwa ukali na mtu uani.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, Minza alikutana na mzee tena kwenye korido. Korido ilikuwa nyembamba, watu wawili wasingepishana bila kugusana. Mzee alipomwona alirudi nyuma kinyumenyume, akajibanza pembeni, akageuka ukutani, akasubiri apite. Alizishika pindo za kanzu zisije zikamgusa.

Minza alipita. Hatua chache mbele akasimama.

Alikwishaona jambo lile. Alikulia ndani yake. Babu yake, mzaa baba, hakuwahi kukaa kiti kimoja na mama yake Minza, wala kupokea bakuli mkononi mwake. Alikohoa mbali kabla hajaingia uani ili mkwewe apate kujitenga, na chumba alicholala mkwewe hakukikanyaga mpaka anazikwa. Ndivyo Wasukuma wanavyoheshimiana, baba mkwe na mke wa mwanawe. Hakuna mwanamume anayemfanyia hivyo mwanamke mpita njia.

Akashuka jikoni. Mpishi alikuwa mama mmoja mnene, Apolonia, anachambua mchele. Minza akamsalimia, akamsaidia kuchambua, akauliza kama yule mzee huwa anaogopa wanawake. Apolonia akacheka. Akasema mzee huyo ndiye anayetandika vitanda vyote, anaingia kwa akina mama, anataniana nao, wazungu wanamkumbatia. Leo tu ndiyo kamwomba yeye Apolonia apeleke maji ya kuoga namba tatu. Halafu huyo mzee hata hakupaswa kuwepo. Tajiri alisema angempeleka shambani Mwamapalala siku hizi mbili, ila gari likaharibika.

— Anaitwa nani? Minza akauliza.

— Mzee Luhaga. Kamtumikia tajiri tangu anabeba marobota ya pamba. Mtoto wake mmoja alisomeshwa na tajiri, sijui kaishia wapi.

Minza aliweka ungo chini. Alitoka nyuma ya jiko akatapika, na kilichotoka ni ile chai ya kwenye kizingiti.

Alimwambia Masele anaumwa tumbo, akalala amempa mgongo. Masele alimpapasa bega akimwita mama watoto, na kila kidole kilipomgusa ngozi ilimsisimka kwa karaha. Alikuwa akijiambia labda amekosea, labda ni majina tu yamefanana. Alimpenda yule mwanamume, tusidanganyane. Alitaka asubuhi ije, Masele aseme mwenyewe, wapande gari waende Nkololo wakiwa watatu, pamoja na mzee.

Asubuhi meza iliandaliwa baraza ya juu. Januarius akaja na suti ya vipande vitatu na kofia ngumu ya mzungu wa enzi za DC wa kikoloni, akakaa kwenye kiti cha mbele, akaagiza mayai. Mzee Luhaga alisimama nyuma yake na birika, macho yake kwenye paa za mtaa. Masele alikuwa anasifia suti.

Minza akamgeukia Januarius.

— Baba mdogo, naomba unisamehe. Leo wazee nyumbani wataniuliza. Kaka yako, marehemu, alikufaje?

Masele akaacha kutafuna. Januarius akajifuta mdomo kwa kitambaa, akafurahi. Alikuwa mtu wa kupenda kusikilizwa. Akaeleza kwamba ilikuwa msimu wa pamba, kaka yake akashikwa na malaria ya kichwa huko Mwamapalala. Walimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mvua inanyesha, yeye Januarius akimfunika kwa koti lake. Njiani kaka akamshika mkono.

— Akaniambia, Januarius, mimi nakwenda. Huyu mtoto sasa ni wako. Akakata roho mikononi mwangu. Tulimzika na watu wengi sana.

Masele akainamisha kichwa, akajifuta jicho. Jicho lenyewe lilikuwa kavu, Minza aliliona.

Mzee Luhaga akasogea.

— Niongeze maziwa, tajiri?

— Ongeza, akasema Januarius.

Mzee akaongeza maziwa kwenye kikombe cha mtu aliyetoka kumzika. Minza akaweka kijiko chini. Akasukuma kiti, akazunguka meza, akapiga magoti juu ya saruji mbele ya zile nyayo zilizopasuka.

— Mwangaluka, baba, akamwamkia kwa Kisukuma.

Mzee akageukia ukuta haraka, birika mkononi.

— Inuka, mayu, mama yangu. Utachafua nguo.

— Minza, akasema Masele kwa sauti ya chini, — unampigia magoti mfanyakazi?

— Niambie huyu ni nani, nitainuka.

— Simjui. Ni mzee wa hapa hotelini.

Minza alimtazama Masele usoni kwa muda. Alikuwa anampa nafasi, na Masele alijua anapewa nafasi. Akachukua kipande cha mkate, akakipaka siagi.

— Ni kweli, mayu, mzee akasema kwa ukuta. — Mimi ni wa hapa hotelini.

— Wa hapa hotelini huingia vyumbani, baba. Kwangu ulishindwa. Kwa nini?

Januarius akamwamuru mzee ashuke jikoni. Mzee hakushuka. Aliliweka birika mezani taratibu.

— Aliniomba nife, nikafa, akasema. — Alisema nikiwa hai hapati mke wa maana. Nikaona sawa, mimi nimeshakula chumvi, yeye ndiyo anaanza. Lakini kuingia chumba anacholala mke wa mwanangu, hilo nilishindwa, mayu. Hilo hata maiti hafanyi.

Hapo Masele akasimama, maneno yakamtoka kama maji machafu ya bomba lililoziba. Kwamba ni kwa ajili ya mapenzi. Kwamba Januarius si ndugu, alikubali tu kujiita baba mdogo. Kwamba baba yake Minza ana zizi la ng'ombe na mwalimu mkuu kwenye ukoo, asingekubali mtoto wa mtu anayevaa tarbushi. Kwamba alimtumia mzee sabuni na sukari kila mwezi, kwa hiyo hakumtupa. Kwamba baada ya harusi angetafuta namna ya kumweleza Minza. Januarius naye akasema haya ni mambo madogo, watu wazima wanayamaliza wakiwa wamekaa, chai inapoa.

Minza aliwasikiliza wote wawili akiwa bado amepiga magoti. Alikuwa anamtazama mdomo Masele, mdomo ule ule aliokuwa akiubusu, una siagi pembeni, na akashangaa aliwezaje.

— Miaka yote nimekuombea misa, baba, akamwambia mzee. — Padri amekutaja mbele ya watu.

— Ahsante, mayu. Mzee alikuwa anafuta uso kwa mkono wa kanzu. — Misa haipotei. Sasa msamehe huyu. Bado ni mtoto, akili itamjia.

Minza akainuka.

— Wewe nimekukubali, baba. Nikuite baba mkwe popote, mbele ya yeyote. Yeye simtaki.

Akaingia chumbani, akatupia nguo zake kwenye begi bila kuzikunja, akashuka ngazi. Masele alimfuata mpaka chini ya kile kichwa cha nyati akimvuta begi, akimwambia wageni wameshaalikwa, asimwaibishe. Minza alimtoa mkono kama anavyotoa bandeji iliyoganda na kidonda.

Stendi aliketi juu ya begi akisubiri pikapu ya Nkololo. Ndipo alipolia, tena kwa kwikwi, mpaka muuza karanga akamsogezea kopo la maji. Alilia kwa sababu bado moyoni alikuwa na nafasi ndogo aliyomwachia Masele. Kama angekuja sasa na yule mzee amemshika mkono, akasema huyu ni baba yangu, hakujua yeye Minza angefanya nini. Huenda angepangusa machozi wakapanda gari pamoja.

Simu ikalia mara moja. Ujumbe. Mtandao ulikuwa umefika Bariadi juzi juzi tu, na ujumbe ulikuja kwa vipande viwili.

“Minza mpenzi usivunje ndoa yetu kwa ajili ya yule mzee.”

Cha pili kikachelewa kidogo.

“Nimeshaongea na Januarius. Anamfukuza leo hii. Hutamwona tena maishani. Rudi.”

Minza aliusoma akausoma tena. Akatema mate pembeni. Kilio kilikatika, na ile nafasi ndogo ikafungwa kabisa. Alichobaki nacho ni kichefuchefu, na kichefuchefu yeye alikuwa amekizoea kazini. Akapiga simu Nkololo kwa shangazi yake.

— Mko wapi? shangazi akauliza. — Wazee wameshakaa. Mbuzi tumchinje saa hizi au tungoje?

— Chinjeni.

— Mchumba yuko njiani basi.

— Haji, shangazi. Hakuna mchumba tena. Anakuja baba yake.

Shangazi akapaza sauti.

— Baba yake si marehemu?

— Ndivyo tulivyoambiwa, akasema Minza. Akakata simu, akajitwika begi, akaanza kurudi kwa miguu mtaa wa Wahindi kumchukua mgeni wake.