Sikukuu Isiyo na Kadi

Ukumbi wa maonyesho wa Belgrade ulikuwa umefurika watu asubuhi hiyo. Manca alisimama nyuma ya meza ya mapokezi, gauni la bluu, viatu virefu, tabasamu limeanza kuchoka. Alikuwa mratibu wa hafla katika kampuni ya programu za kompyuta. Yeye ndiye aliyetafuta ukumbi, akatuma mialiko, akawapigia waalikwa simu kuuliza kama kweli watakuja, na siku yenyewe akahakikisha kila anayeingia ana kadi ya jina shingoni.

Mwanamume mrefu mwenye nyaya begani akampita bila kugeuka.

"We kaka! Kadi yako iko wapi?"

"Sina."

"Basi huingii."

"Nisipoingia, mkurugenzi wako atahutubia gizani. Mimi ndiye fundi wa taa, dada."

Foleni nzima ikacheka. Manca akachukua kadi tupu. "Jina?"

"Relja."

Akaliandika, akamvisha mwenyewe, maana mikono ya yule bwana ilikuwa imejaa. Jioni kadi zote zilirudi sandukuni isipokuwa ya Relja.

"Umeiba mali ya kampuni," Manca alimwambia kwenye simu kesho yake.

"Njoo uichukue. Niko mkahawani, nimeagiza kahawa mbili."

"Ulijuaje kwamba nitakuja?"

"Sikujua. Ningezinywa zote."

Ndivyo walivyoanza. Kiangazi kizima walitembea kando ya mto Sava, wakila burek, mkate wa tabaka wenye nyama, ya moto kwenye karatasi. Relja alimwita Manca "bibi mialiko", Manca akamwita "bwana giza". Njiani Relja alikaa siku zote upande wa barabara, ili maji ya madimbwi yamrukie yeye. Hakuwahi kulisema hilo, na Manca hakuwahi kumwambia kwamba ameliona.

Novemba ikaja na habari. Kampuni ilitaka kumhamishia Manca Ljubljana, katika nchi jirani, kwao alikozaliwa, na ilitaka jibu kabla ya mwezi kwisha. Hakumwambia mtu. Aliuambia moyo wake tu: Relja akinipeleka kwa mama yake, nabaki. Asiponipeleka, naondoka.

Usiku mmoja simu ikalia.

"Mpenzi, tarehe ishirini na moja ni slava yetu."

Manca alikwisha kusikia habari za slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, ambayo mtoto huirithi kwa baba.

"Hongereni. Watu watakuwa wengi?"

"Weee! Mama anafunga nyama kwenye kabichi tangu juzi, nyumba nzima inanuka siki."

Manca akangoja neno moja tu: njoo. Halikuja.

"Haya, lala salama, bibi mialiko."

Siku ilipofika alivaa gauni la kijani alilolinunua kwa ajili hiyo, akatia na hereni, akakaa ukingoni mwa kitanda na simu mapajani. Kwa miaka yote ya kazi yake, asiyealikwa hukaa nje ya mlango. Simu haikulia. Alipochoka akavua hereni, akanawa uso.

Juma lililofuata kampuni iliwakaribisha wateja wake ukumbini, na Relja alikuwepo na ngazi yake.

"Sikukuu ilikwendaje?" Manca akauliza, macho kwenye orodha ya waalikwa.

"Ilikwenda."

"Watu walikuja?"

"Waliotaka kuja walikuja." Akapanda ngazi.

Ananionea haya, Manca akawaza. Mimi mgeni, tena Mkatoliki, na wao ni Waorthodoksi. Akaamua kwamba wateja wakishaondoka atamwambia meneja kuwa anakwenda Ljubljana.

Wakati huo foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mbele ya meza akasimama mama mfupi, koti la sufu nyeusi, mikononi ameshika bakuli lililofunikwa kitambaa cheupe.

"Jina lako, mama?"

"Desanka. Usihangaike kutafuta, mwanangu, halipo. Nimekuja tu."

"Bila mwaliko, mama yangu, siwezi…"

"Mimi ni mama yake yule aliye juu ya ngazi." Akaweka bakuli juu ya kadi za majina. "Sahani yako ilikaa mezani mpaka mgeni wa mwisho akaondoka. Sikuruhusu mtu aiguse. Nikamuuliza huyu mwanangu, ulimwambia aje? Akasema, nilimtajia siku. Nikamwambia, kichwa cha mbuzi wewe! Msichana wa watu ni wa Ljubljana, slava hawana, na kazi yake ni kadi. Atajuaje?"

"Kujua nini, mama?"

"Kwamba kwenye slava hatuiti mtu. Tunataja siku, na mlango unabaki wazi."

Mama Desanka akafunua bakuli. Ilikuwa ngano iliyochemshwa, na kokwa za jozi zilizosagwa na sukari juu yake.

"Mgeni huonja hii kwanza, kabla hajakaa. Nimeipika upya asubuhi. Kula."

Manca akala kijiko kimoja akiwa amesimama, mbele ya wateja waliovaa tai. Mmoja wao, mzee, akavua kofia kwa heshima ya ngano ile. Hakuna aliyelalamikia foleni.

Relja alikwisha kushuka, masikio yamemwiva kwa aibu.

"Nilidhani hukutaka kuja," akasema.

"Nilivaa, Relja. Nilivaa mpaka hereni."

"Nisamehe, mpenzi. Mwakani nitakutumia kadi yenye dhahabu pembeni."

"Thubutu! Nikiiona sitakuja."

"Basi uwepo humo humo ndani. Uwapokee wageni na mimi."

"Hiyo ni posa, au unatafuta mfanyakazi?"

"Mjibu haraka," Mama Desanka akasema, "watu wanasubiri mlangoni."

Manca akamwandikia Mama Desanka kadi ya jina, akamvisha. Kisha akamgeukia Relja. "Nitakuwepo."

Novemba iliyofuata, Manca alisimama mlangoni kwa Mama Desanka, gauni la kijani, sinia la ngano mkononi. Akaingia mtu asiyemjua kabisa, theluji mabegani. Swali la jina likamfika mdomoni kwa mazoea. Akalimeza, akampa kijiko.