Ovaroli Iliyosoma Kozi ya Gesi

Kwanza kililowa kiti. Fundi bomba alikalia kile kiti cha mbele ya kompyuta, na alipoinuka suruali ilikuwa imeganda kwa ute mweusi, mzito kama makamasi. Akaugusa, akaunusa, mjinga yule, halafu akacheua.

"Mke wangu, umemwaga nini hapa?"

"Mimi na hicho kiti wapi na wapi?" alijibu mkewe, mshonaji, kutoka chumba cha pili. "Muulize mwenzio unayemketisha hapo."

Huyo mwenzio alikuwa ovaroli. Kozi ya mtandaoni ya usalama kwenye mitambo ya gesi haikuwa na mzaha: kamera isipoona mtu kitini, video inasimama. Bila kumaliza kozi hakuna kazi mtamboni, na Fundi alishachoka kuzibua vyoo vya watu. Basi badala ya kukaa asome kama binadamu wengine, akachukua ovaroli yake ya kuzibulia vyoo, haijafuliwa, akaijaza matambara, akaivisha barakoa na helmeti, akaiketisha mbele ya kamera. Yeye huyo, akaenda kulala. Jamani! Unaacha umbo tupu la mtu, linanuka kinyesi, kutwa nzima, halafu unashangaa likipata mpangaji?

Mchana mmoja mshonaji alimsikia mwalimu wa kwenye video akiuliza, "Gesi ikivuja, unakimbilia wapi?"

"Upande upepo unakotoka," ilijibu sauti ya majimaji. Ikacheka kidogo. "Lakini mimi naipenda."

Mshonaji alisukuma mlango taratibu, na harufu ya mayai viza ikamwingia puani, ikashuka mdomoni, ikamlalia ulimini, na huku ameziba pua kwa kitambaa cha mteja akaiona helmeti ikitikisika kukubali kila neno la mwalimu, na mkono wa ovaroli ukiinuka polepole, na ndani yake kitu laini, cheupe, chenye nywele zilizolowa, kikibonyeza jibu na kuacha ute mweusi kwenye vitufe. Akatapika palepale.

Fundi alipoamshwa, alikimbilia kutazama alama.

"Zimepanda!" alinong'ona. "Mwache amalize, mke wangu. Yamebaki masomo machache."

"Una wazimu? Hilo ni jini!"

"Sasa si jini msomi?"

Msomi! Tangu hapo Fundi alianza kuoza akiwa hai. Alikohoa makohozi meusi, kucha zikalegea kama maganda ya vitunguu, sauti ikawa inakoroma kooni. Mkewe hakuomba ruhusa tena, akamleta mganga.

Mganga, mama wa makamo, aliingia amebana pua. Akaifungua zipu ya ovaroli. Matambara hayakuwamo. Ilikuwamo nyama, imekunjamana kama ngozi iliyokaa sana majini, nayo inapumua. Akapiga kiberiti, akauwasha mkono wa nguo.

Fundi akapiga yowe kitandani. Mkono wake ulikuwa unatumbuka malengelenge.

"Zima! Zima, mama, unaniulia mume!" Mshonaji aliupiga moto kwa viganja vyake mwenyewe mpaka ukafa.

"Basi sina la kufanya," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Mumeo amelikabidhi jini nafasi yake kwa hiari. Litaondoka litakapomaliza kozi, ila haliondoki mikono mitupu." Hakutaka hata ujira. Alitapikia getini, akaenda zake.

Kozi ikaisha, kazi ikapatikana. Asubuhi ya kuanza, gari la mtambo lilipiga honi nje. Chumbani akatoka mwanamume mkavu, msafi, ovaroli inang'aa, na chini ya helmeti uso wa Fundi.

"Nakwenda kazini, mke wangu," akasema kwa sauti ileile iliyomposa mshonaji. Dereva akamtania kwa kuchelewa, wakacheka wote wawili, gari likaondoka.

Nyuma ya mshonaji kitu kilijikokota sakafuni. Kilikuwa kimevimba, kinachuruzika ute mweusi puani na masikioni. Kikamshika kisigino, na kidole kimoja kikabaki kimemnata.

"Mke wangu," kilikoroma. "Ni mimi."

Alijua ni yeye. Akamtazama, machozi yakimtoka na kinyaa kikimpanda. Kisha akakipangusa kile kidole ukutani, akatoka nje, akafunga mlango kwa ufunguo.