Indiketa ya Kushoto

Sijapata kuelewa indiketa ya gari lisilo na betri inawezaje kulia, wala rafiki yangu, fundi umeme wa magari, aliyeisikia kwa masikio yake, haelewi.

Mjane mmoja alimwita aangalie gari kuukuu la marehemu mumewe, lililokuwa likimaliza betri kila siku.

"Litengeneze niliuze, fundi. Sitaki kuliona."

Fundi akafunga mlango wa gereji, ili gizani aione vizuri taa ya kupimia, inayowaka umeme unapovuja, akachomoa fyuzi moja moja. Taa haikuzimika. Akaitoa betri kabisa, akaiweka sakafuni.

Ndipo wakasikia: tik, tak, tik, tak. Indiketa ya kushoto.

"Izime basi!"

"Nizime nini, mama? Betri hiyo hapo miguuni pako."

Mjane akakaa juu ya ndoo. "Siku ile alipojisikia vibaya njiani aliiwasha hiyo hiyo, akate kona kwenda hospitali. Nikamwambia anajidekeza, twende nyumbani. Akaizima, akanitii. Hakuiona asubuhi."

Akaamua nyaya zote zikatwe. Fundi hakuthubutu. Mjane akachukua koleo, akazikata mwenyewe, na alipomaliza waya wa mwisho, indiketa ilikuwa bado inalia.