Shahidi wa Mvunjamawe

Mvunjamawe ilisaga jiwe la figo kama mtu asagavyo karanga, bila kisu wala tone la damu, na mgonjwa akarudi kwake kwa miguu yake. Korogwe nzima ilijivunia mashine hiyo. Leo aliyelala ndani ya kuba lake la kioo alikuwa Mhandisi Shekue, mwenyewe aliyeibuni. Jiwe halijui mkubwa wala mdogo.

Sheria ilitaka ndugu awe shahidi. Mkewe alikuwa amesafiri kikazi hadi Mwezini, hivyo akaja mama mkwe, Bi Namkunda.

"Zipo njia tatu," ilisema akili unde ya mashine kwa upole. "Mawimbi ya kupasua jiwe kutoka nje. Kamera nyembamba yenye leza, inayopita njia ya mkojo. Au kutoboa mgongoni, kwa jiwe kubwa. Lako ni dogo. Je, unatumia vidonge vya nguvu za kiume?"

Shekue alikuwa akivitumia. Angelitajaje jambo hilo mbele ya mkwe?

"Hapana."

"Basi mawimbi." Kuba likajifunga.

Hapo ndipo Shekue alipozinduka. Swali lile aliliweka yeye, na sababu aliijua: vidonge vya siku hizo viliifanya damu kuwa nyepesi mno. Figo ikipigwa mawimbi ingevuja ndani kwa ndani bila kukoma. Kwa kamera angepona. Kwa mawimbi angeweza kufa.

"Simama! Nimedanganya!"

Mashine iliendelea na kazi yake. Ni yeye aliyeiagiza isimsikilize mgonjwa akishafungiwa, kwani woga humfanya mtu aseme lolote. Shahidi tu ndiye angeweza kuizuia, kwa kuinua mkono.

"Mama! Inua mkono, Mama!"

Lakini Bi Namkunda alikuwa mtu wa heshima zake. Aliposikia swali lile aligeukia ukutani, akaziba masikio kwa kanga, mkwewe asizidi kuaibika. Shekue alipiga kioo kwa ngumi. Kilikuwa kinene, hakikupitisha sauti.

Akamkumbuka Sista Eliwaza, muuguzi wa zamani. Kabla ya kumuuliza mgonjwa chochote, alikuwa akiwaambia ndugu, "Jamani, tupisheni kidogo." Shekue aliona anapoteza muda, akamwachisha kazi.

"Usiogope," ilisema mashine. "Ndugu yako yuko hapa nawe."

Kisha wimbi la kwanza likapiga.